Mafungu ya Maneno Bandani kwa Adelina

Karatasi zilikuwa thelathini na sita, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja.

Inspekta Levina alizipanga mezani sita kwa sita, akasogeza kikombe cha chai kisije kikamwagikia ushahidi, kisha akamtazama aliyezileta. Mwalimu Erasmus alikuwa amevaa tai katika joto lile la Oktoba, tena ameikaza. Yeye ndiye mwenyekiti wa jopo la mitihani la Umoja wa Shule Kumi na Nne, na ndiye mkuu wa somo la Kiingereza katika shule ya kulipia ya mjini iliyoshika nafasi ya kwanza miaka minane mfululizo. Mwaka wa tisa imeshika ya pili. Hapo ndipo polisi wakaitwa.

"Usiangalie majibu, afande," alisema Erasmus. "Majibu ni sahihi, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Angalia pembeni."

Levina akaangalia pembeni. Kushoto mwa kila swali kulikuwa na vistari vidogo vya penseli. Swali la kwanza, mstari mmoja. Swali la pili, miwili. La tatu, mitatu. Akachukua karatasi nyingine, vivyo hivyo. Akachukua ya mwisho kabisa kwenye kona, ya mtoto mwenye mwandiko mbaya kama amegombana na kalamu, na hata yeye alikuwa na vistari vile vile.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa maneno ya Kiingereza yanayowachanganya watu. Maswali hamsini. Kila swali sentensi yenye pengo, na chini yake maneno mawili yanayofanana kama pacha: *affect* na *effect*, *lose* na *loose*, *advice* na *advise*. Chagua moja. Shule ya Erasmus, yenye maktaba na viyoyozi, mwanafunzi wake bora alipata arobaini na moja. Sekondari ya Mningani, shule ya kata huko Ntalikwa yenye madirisha yasiyo na vioo, mtoto wa mwisho darasani alipata arobaini na nne.

"Hiyo ni lugha ya siri," Erasmus alisema. "Mstari mmoja, jibu la kwanza. Miwili, jibu la pili. Mwalimu wao ameiba mtihani, akawakaririsha."

"Na mitatu?"

"Mitatu?"

"Kila swali lina maneno mawili tu, mwalimu. Mistari mitatu ni jibu la ngapi?"

Erasmus akavuta tai. "Siri ya mwizi haielezeki, afande. Ndiyo maana tumekuja kwenu."

Levina akarudi kwenye karatasi. Alikuwa anapekua tena, safari hii akitafuta makosa. Watoto thelathini na sita, maswali hamsini kila mmoja, na jambo la ajabu lilikuwa hili: hakuna hata mmoja aliyekosea. Waliopungukiwa alama waliacha wazi. Pengo tupu, na pembeni hakuna mstari wowote.

"Hawa hawakubahatisha hata swali moja," alisema. "Maneno ni mawili. Ukifumba macho ukachagua, nusu utapata. Kwa nini mtu aache wazi?"

"Kujificha! Wamepanga waache machache wasishtukiwe."

"Basi wamejificha vibaya sana," alisema Sajenti Masele kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Masele alikuwa Msukuma wa Igunga, mnene, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alikuwa na tabia ya kusema kweli wakati usiofaa. "Ningekuwa mimi ningepata ishirini na tano, nikanyamaza."

Erasmus hakucheka. Alieleza alichokuja kueleza: Umoja umefuta matokeo ya Mningani, tangazo limebandikwa mlangoni mwa shule kwa wino mwekundu, WIZI WA MTIHANI, na majina ya watoto wote thelathini na sita yako chini ya neno hilo. Mwalimu wao, Wenceslaus, anastaafu mwisho wa mwezi. Umoja unataka astaafu akiwa na pingu.

Rasimu ya hati ya mashtaka ilikuwa imeshachapwa. Mkuu wa upelelezi aliitaka mezani kwake saa kumi jioni, ikiwa na saini ya Levina. Levina hakupenda kuharakishwa. Aliikunja mara moja, akaitia kwenye mkoba, akavaa viatu vyake vya safari.

"Mwalimu, uliutunga lini huo mtihani?"

"Jumatano. Nikautoa nakala Ijumaa kwa Shomari, ukafanyika Jumatatu iliyofuata. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu ufanyike."

"Kabla ya Jumatano maswali yalikuwa wapi?"

Erasmus akajigonga paji la uso kwa kidole. "Humu. Na humu hakuingii mtu."

---

Steshenari ya Shomari ilikuwa upande wa pili wa soko, mashine mbili za nakala na feni moja ya mkono. Shomari alipoona sare ya Masele alizima mashine zote mbili.

"Huyo mwalimu wa tai?" alisema. "Alisimama hapo ulipo, dada, mwanzo mpaka mwisho. Chai nimemwagiza, hakunywa. Nakala nne zilitoka na doa, kazichana mwenyewe vipande vipande, kavitia mfukoni. Flashi alikuwa ameivaa shingoni kama hirizi. Mtihani ule ungeibiwa hapa dukani kwangu, basi na mimi mwenyewe ningekuwa nimeibiwa."

"Hakuna mwalimu mwingine aliyekuja siku zile?"

Shomari akakuna kidevu. "Alikuja Mwalimu Wenceslaus. Jumamosi, kesho yake."

Masele akaacha kujipepea.

"Kununua nini?" Levina akauliza.

"Penseli arobaini. Na mkasi mkubwa."

Waliondoka na difenda la polisi, wakavuka reli. Hapo Masele akasema alichokuwa anakitafuna. "Jumamosi ananunua penseli arobaini. Jumatatu watoto thelathini na sita wanachora vistari vya penseli. Hapo pana jambo, Inspekta."

"Pana jambo," Levina alikubali. "Na mkasi je? Unaibaje mtihani kwa mkasi?"

Masele akawasha redio.

---

Mwalimu Wenceslaus walimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, shati jeupe limepigwa pasi, baiskeli yake imeegemea nguzo. Tangazo lilikuwa mlangoni nyuma yake. Hakuna aliyelitoa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Levina.

"Marahaba, binti yangu. Mmekuja na difenda zima? Mngenipigia simu ningekuja na baiskeli."

"Tuna maswali machache."

"Uliza."

"Mtihani uliuona kabla ya Jumatatu?"

"Hapana."

"Vistari vya pembeni uliwafundisha wewe?"

"Ndiyo."

Masele akafungua daftari haraka kabla mzee hajabadili mawazo.

"Vina maana gani?" Levina aliuliza.

Wenceslaus akawatazama watoto waliokuwa wanawachungulia kupitia madirisha yasiyo na vioo. "Nikikueleza mimi, utaandika: mtuhumiwa alijitetea. Na Mwalimu Erasmus atasema nimekutungia hadithi. Sitajieleza. Miaka thelathini na nne nimefundisha hapa, sijawahi kumnong'oneza mtoto jibu, siwezi kuanza kumnong'oneza askari."

Lilikuwa jibu la kiburi, na Levina, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa stesheni huko Kaliua na hakuwahi kuomba radhi kwa treni iliyofika kwa wakati, alilipenda.

"Basi niambie kitu kimoja. Mkasi ulionunua kwa Shomari uko wapi?"

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hilo ndilo swali. Uko kwa Adelina, mama yake Ng'washi, mwanafunzi wangu. Kwenye banda la kuchambulia tumbaku. Nenda ukaone mwenyewe. Wewe hujui unachokitafuta, utaona vizuri."

---

Adelina alikuwa anachota maji aliposikia difenda. Hakukimbia wala hakutabasamu. Aliweka ndoo chini na kujifunga kanga upya kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akasoma jina kwenye sare ya Masele, akamsalimu Kisukuma kwa utani. "Mwangaluka, baba. Ng'ombe umewaacha na nani, umekuja kuchunga watoto wetu?"

"Mwangaluka, mayu," alisema Masele, akacheka licha ya kazi. "Ng'ombe wangu hawajashtakiwa kwa wizi wa Kiingereza."

"Na sisi tunajua kwa nini mmekuja. Hatuna cha kuficha. Ingieni."

Banda lilikuwa limeshikana na bani la kukaushia tumbaku, ukuta mmoja wa matofali meusi kwa moshi. Msimu ulikuwa umekwisha zamani, ndani hakukuonekana jani hata moja, ila harufu ilikuwa bado imekaa kama mwenye nyumba. Chini kulikuwa na meza ndefu ya mbao na boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na mkasi mpya, penseli kadhaa na vipande vya karatasi vilivyokatwa ukubwa wa kidole. Levina akainua kimoja. *Principal*. Akainua kingine. *Principle*.

Swali la kumi na mbili la mtihani.

"Inspekta," aliita Masele kwa sauti ya chini, akielekeza kidole juu.

Kwenye mihimili ya paa, mahali inaponing'inia tumbaku, yalikuwa yananing'inia mafungu ya karatasi. Masele akapanda kwenye meza, meza ikalia, akayashusha moja moja. Kumi na tisa. Kila fungu lilikuwa limefungwa kwa kamba ya gome la mti, na Levina alipolegeza la kwanza alikuta *affect* na *effect*. La pili lilikuwa na *lose* na *loose*. Masele alikuwa na karatasi ya mtihani mkononi, anatia alama kila neno likitajwa. Kufikia fungu la sita alikuwa ameshatia alama kumi na saba.

"Wamekwisha," alisema, na hakusema kwa furaha.

"Nani amekwisha?" Adelina akasogea. "Sema vizuri, baba. Nani amekwisha?"

"Mama, haya ni maneno ya mtihani. Yamefichwa kwenye paa lako."

"Yamefichwa! Mtu anaficha kitu kwenye banda ambalo kijiji kizima kinapita? Haya yametundikwa. Kutundika na kuficha ni kitu kimoja huko kwenu Usukumani?"

Levina alikuwa amesogea kando. Alikuwa ameshika fungu la saba, hajalifungua, analigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Karatasi ilikuwa ya kahawia, kahawia ya chai ya rangi. Akasukuma kamba kidogo kwa ukucha. Chini ya kamba, karatasi ilikuwa nyeupe.

"Mama Ng'washi," alisema. "Bani lenu mliliwasha mwisho lini?"

"Mei. Tumbaku ya mwisho ilitoka Mei."

"Tangu Mei hakujawaka moto?"

"Moto wa nini? Kuni zenyewe ziko wapi?"

Levina akafungua fungu la nane. Kahawia nje, na mstari mweupe pale kamba ilipokaa. La tisa, vivyo hivyo. Akageuza kipande: nyuma yake kulikuwa na namba za kalenda ya parokia ya mwaka juzi. Hilo halikumtosha, maana karatasi ya zamani mtu anaweza kuiandika jana. Lakini moshi haughushiwi. Moshi wa bani ulipita kwenye ukuta ule Februari mpaka Mei, ukayapaka rangi mafungu yakiwa tayari yameandikwa, yamefungwa na kutundikwa. Mwalimu Erasmus alitunga mtihani wake Oktoba.

"Kumi na tisa yote," alimwambia Masele. "Angalia kila kamba. Na hesabu maneno yaliyomo, yote, siyo ya mtihani tu."

Ilichukua nusu saa. Masele alihesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Jozi mia nne na sita. Mtihani ulikuwa na hamsini. Fungu zima la kumi na nne halikuwa na neno hata moja la mtihani. Lilikuwa na *hand* na *arm*, ambavyo kwetu vyote ni mkono. *Foot* na *leg*, ambavyo vyote ni mguu. *Finger* na *toe*. *Lend* na *borrow*, ambavyo mtu wa hapa vyote anaviita kuazima, akifika kwenye Kiingereza anajikwaa.

"Mwizi huiba kilichopo," alisema Levina. "Anayeiba mtihani anaiba maswali hamsini. Haibi mia nne."

"Ila bado vistari," alisema Masele. "Na yale mapengo."

Adelina akacheka, cheko la mtu aliyechoka kuwaonea huruma watu wa mjini. "Vistari? Njoo hapa, afande."

Akavuta gunia kutoka pembeni, akatoa majani machache ya tumbaku, masalia ya msimu. Akayamwaga mezani. Kwa Levina yalikuwa majani, basi.

"Panga," alisema Adelina.

Levina akajaribu. Akaweka makubwa huku, madogo kule. Adelina akamtazama kama anavyotazamwa mtoto anayemwaga unga. Kisha akafumba macho, kweli akafumba, akapitisha vidole juu ya majani na kuyatupa upande huu na ule bila kusita.

"Ya chini ya mche, ya kati, ya juu. Yote yanafanana mpaka uyashike. La chini jembamba. La juu zito, lina mafuta. Ukifunga fungu unalichora kwa mkaa: mstari mmoja, miwili, mitatu, ili mwenzako asivuruge. Mwalimu alikuja hapa mwaka juzi kumtafuta Ng'washi, akatukuta tunachambua. Alikaa pale mlangoni siku nzima, hata chakula alisahau. Kesho yake akawaambia watoto: kumbe kazi hii mnaijua tayari, nyumbani kwenu mnafanya kila mwaka."

"Mstari mmoja ni nini, kwenye maneno?"

"Mimi ni wa darasa la saba, sijui Kiingereza. Ila Ng'washi husema mmoja ni kitu, miwili ni kitendo, mitatu ni sifa. Kwanza wanatazama pengo linataka jani gani. Wanalichora. Ndipo wanatafuta neno."

Levina akachukua karatasi ya mtihani. *Lose*, kupoteza, kitendo: miwili. *Loose*, kilicholegea, sifa: mitatu. *Advice*, ushauri wenyewe: mmoja. Aliyapitia maswali kumi, hakukuta hitilafu. Vistari havikuwa vinasema jibu ni lipi. Vilikuwa ni njia ya kulifikia, kama mtoto anavyoonyesha hesabu zake pembeni.

"Na jani usilolijua?" aliuliza. "Lisilo la chini wala la juu? Unaliweka wapi?"

"Huliweki." Sasa Adelina alisema kwa ukali. "Unaliacha kando. Jani moja la kubahatisha likiingia kwenye fungu, mteuzi wa tumbaku akalikuta, anashusha gredi ya fungu zima. Kazi ya mwaka mzima inaharibika kwa jani moja. Watoto wetu wameanza kuchapwa kwa hilo kabla hawajaanza shule."

Masele akafunga daftari lake polepole. "Ndiyo maana hawakubahatisha."

"Mpigie Mwalimu Erasmus," alisema Levina. "Aje Mningani saa tisa. Na aje na kitabu chake kikubwa kabisa."

---

Alikuja na kitabu kinene kama tofali, na wazazi nao walikuwa wamefika, maana habari za difenda hazihitaji simu. Walisimama nje kwenye madirisha. Darasani watoto thelathini na sita walikaa wima. Mwalimu Wenceslaus alikaa nyuma kabisa, mikono magotini.

Levina alieleza aliyoyaona: moshi, kamba, jozi mia nne na sita. Erasmus alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Afande, nakuheshimu. Lakini mimi nimesomea lugha hii chuo kikuu. Watoto wangu wana walimu watatu wa Kiingereza. Hawa wanakuja shule wananuka tumbaku. Unataka niamini..."

"Sitaki uamini. Fungua kitabu chako popote. Mimi sikijui, mwalimu wao hajakiona. Uliza."

Erasmus akafungua. Akachagua kwa makusudi, kila mtu aliona, akaruka kurasa rahisi. Akaandika ubaoni sentensi yenye pengo, chini yake *stationary* na *stationery*.

Binti mrefu wa mstari wa mbele akasimama. Ng'washi. Alikuwa na macho ya mama yake na kidevu cha mtu asiyesukumwa. Hakutazama maneno. Alitazama pengo, akachukua chaki, akachora mistari mitatu pembeni.

"Hapa panataka sifa. Treni ilikuwa imesimama, haitembei. Kwa hiyo ni hili la kwanza. La pili ni kitu, ni karatasi na kalamu, linakwenda dukani kwa Shomari."

Nje mtu alicheka. Erasmus akaandika nyingine. Kijana aitwaye Valentino akaichambua. Akaandika nyingine, na nyingine. Ya tano, ya sita. Kila mara chaki ilianza pembeni, ndipo ikaenda kwenye neno. Erasmus alikuwa anatokwa jasho, anapekua kurasa za mwisho. Ya tisa ilikuwa *discreet* na *discrete*.

Ng'washi akasimama tena. Akalitazama pengo, akachora mistari mitatu. Akatazama maneno. Masele mlangoni akajikuta ameshika mkanda wake kwa nguvu.

"Yote mawili ni ya mistari mitatu," alisema Ng'washi. "Tofauti yake siijui. Haya hatujayachambua."

"Bahatisha," alisema Erasmus. "Moja kati ya mawili. Huenda ukapata."

"Hapana, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nikikosea nitaharibu fungu."

Erasmus alibaki na chaki mkononi. Alikuwa mwalimu, pamoja na tai yake yote, na mwalimu akiona kitu darasani anakijua. Akafungua mkoba wake, akatoa zile karatasi thelathini na sita ambazo Levina alimrudishia mlangoni. Akapitia mapengo. Moja, jingine, jingine. Alikuwa amezibeba siku kumi na mbili na hakuwa ameyaona.

"Mimi wanafunzi wangu huwaambia wabahatishe," alisema, karibu peke yake.

Wenceslaus akasimama kule nyuma. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilifika mpaka madirishani. "Zamani za misafara watu wa hapa walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, Mwalimu Erasmus, wakarudi na lugha za kila kambi waliyolala. Hakuna aliyewauliza wana maktaba ngapi. Mimi hujanikosea. Pingu ningezivaa. Lakini umeandika wezi juu ya majina ya watoto wangu. Neno hilo sitaondoka nalo hapa."

Erasmus akatoka. Walimsikia akitembea barazani, kisha mlio wa karatasi inayobanduliwa. Alirudi na tangazo, akalichana mbele yao kama alivyochana zile nakala kwa Shomari, na vipande akavitia mfukoni. Kisha akasoma matokeo upya, jina kwa jina, alama kwa alama, wote thelathini na sita. Kila jina likitajwa, dirishani paliitikiwa. Lilipofika la Ng'washi, hamsini kati ya hamsini, Adelina hakupiga kigelegele. Alinyoosha kanga yake tu, akatazama mbele, na wanawake wengine wakampigia.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Levina akatoa kwenye mkoba ile hati ya mashtaka, akaikunjua. Upande mmoja ulikuwa umechapwa. Wa pili ulikuwa mweupe kabisa.

"Sajenti, mkasi umekuja nao?"

Masele akautoa mfukoni. Levina akaweka karatasi na mkasi kwenye dawati la Ng'washi. "Nyuma yake ni safi."

Ng'washi akaipima kwa jicho, akakata ncha hadi ncha mara mbili, mistari iliyonyooka kabisa. Jina la Mwalimu Wenceslaus likagawanyika vipande vitatu.

"Tuanze na yapi, mwalimu?" aliuliza.

"Tuna mgeni," alisema Wenceslaus. "Mwulize mgeni."

Erasmus akafunga kitabu chake. "*Accuse*," alisema. "Na *excuse*. Watu huyachanganya."

Ng'washi akaandika, kipande hiki na kipande hiki. Chini ya kila kimoja akachora mistari miwili. "Vitendo vyote. Tupe sentensi, mwalimu, ndipo tuone tofauti."

"*I accused you*," alisema Erasmus. Akameza mate. "*Please excuse me.*"

Dirishani Adelina akaingiza kichwa. "Amesema nini huyo?"

"Amesema alitushtaki, mama," alisema Ng'washi. "Na anaomba radhi."

"Aa, hapana. Tangazo aliandika kwa Kiswahili, kila mtu akasoma. Na hilo aliseme kwa Kiswahili."

Mwalimu Erasmus akalegeza tai. Akageuka kutoka ubaoni, akawatazama watoto, kisha wazazi madirishani, akalisema kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka waliokuwa nyuma barabarani wakasikia.